Raba ya Injini

Kila alipoachia klachi Mwalimu mstaafu, gari lake la zamani lilibamiza kwa chini kama mtu aliyefungiwa stoo. Mafundi watatu walishafungua giaboksi wakaambulia patupu.

Fundi wa nne alimwambia avute breki ya mkono, atie gia, kisha aachie klachi kidogo. Injini ikaruka upande.

"Raba za kushikilia injini zimekufa," alisema, akajipenyeza uvunguni na tochi.

Mahali pa raba palisokomezwa soli ya kandambili, imelowa oili, inateleza kama kamasi, imekazwa kwa waya. Tundu la kidole bado lilimkodolea macho.

"Huyu si fundi, ni kanjanja," alisema, akitema mate. "Mtu mzima na ndevu zake anazuia injini kwa ndala. Kazi ya bora liende. Nani alikufanyia uchafu huu, Mwalimu?"

Mwalimu alikohoa kidogo, kama anayemwonea haya.

"Mwaka wa sita sasa, mwanangu. Uliniambia itanifikisha nyumbani, halafu ukatoka humo uvunguni mguu mmoja peku."