Mhuri wa Jaketi la Orpha

Théodore alikuwa na sheria moja ambayo hakumlegezea mtu yeyote, awe mtoto wa miaka saba au bibi wa miaka sabini: ukiguswa, sema. Katika ukumbi wa kanisa pale Troyeville, Johannesburg, alikofundisha mchezo wa upanga kila Jumamosi, hakukuwa na zile mashine za umeme zinazowasha taa ncha inapogonga mwili. Mashine walikuwa nazo watu wa klabu kubwa ya Randburg. Kwake yeye mashine ilikuwa ni mdomo wa aliyeguswa. Ukichomwa kifuani, hata kama hakuna aliyeona, hata kama mwamuzi alikuwa anapiga chafya, unainua mkono usioshika upanga na kusema, "Imefika." Na ukisema haikufika, basi haikufika, hakuna wa kukupinga. Aliyedanganya, akakamatwa na moyo wake baadaye, alivuliwa kofia ya wavu akakalishwa benchi moja na akina mama wanaosubiri watoto, asikilize habari za ndoa za watu mpaka atubu.

Siku nyingine za wiki Théodore alikuwa fundi cherehani kule Yeoville. Kwao ni Lubumbashi, na huko ndiko padri mmoja wa shule alikomtia upanga mkononi akiwa na miaka kumi. Majirani walimcheka, kwamba mtu mzima anakunja suruali za watu wiki nzima, halafu Jumamosi anarukaruka na sindano ndefu. Aliwaacha wacheke. Asubuhi saa mbili alikuwa na watoto, saa nne vijana, saa sita wale aliowaita wakubwa. Miongoni mwa hao alikuwemo Mama Apondi, Mkenya aliyestaafu ualimu wa chuo kikuu, aliyeanza upanga akiwa na miaka sitini na miwili baada ya kumzika mumewe, na sasa alikuwa akiwachoma vijana wa miaka ishirini licha ya goti lake bovu.

Majaketi ya mchezo alishona mwenyewe. Alitumia marekani nzito, tabaka tatu, na chini ya kwapa la mkono wa upanga hakuweka mshono hata mmoja, maana hapo ndipo upanga uliovunjika hupenyea. Kila jaketi la mtoto aliliachia mapindo marefu mikononi na kiunoni, na kila Januari aliyafumua vidole viwili ili jaketi likue pamoja na mwenyewe. Jaketi la Orpha lilikuwa na mistari saba ya mapindo ya zamani kwenye mkono. Ungeweza kuhesabu miaka ya msichana yule kwa kuangalia kiwiko chake.

Orpha alizaliwa hapa hapa Johannesburg, binti wa Victoire, msusi wa duka lililopakana na la fundi. Aliletwa ukumbini akiwa na miaka minane kwa sababu alikuwa akipigana shuleni. Sasa alikuwa na kumi na tano, na Théodore, ambaye hakujaliwa mtoto, alikuwa ameacha zamani kujifanya kwamba hampendelei. Mwezi wa nane kungekuwa na mashindano ya kuchagua timu ya mkoa, kule Randburg. Viongozi wa mchezo walikuwa wamemwambia Théodore mbele ya watu: akiingia mchezaji wake mmoja tu kwenye timu, ukumbi wa Troyeville utatambuliwa kuwa klabu, utapewa mashine na vifaa, na yeye atapewa cheti cha ualimu. Miaka kumi na moja alikuwa akingojea kitu hicho. Randburg walimwita fundi. Walimpelekea suruali zao za mchezo azitie viraka, wakamshukuru, wakarudi kwa walimu wao. Alitaka, kabla hajafa, mmoja wao amwite mwalimu.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Kwa mashindano ya aina ile, kila jaketi lilitakiwa liwe na lebo ndani yenye mhuri wa usalama, kuonyesha kwamba kitambaa kimepimwa. Majaketi ya Théodore hayakuwa nayo.

"Mwalimu, wacha nimnunulie huyu msichana jaketi la duka," Mama Apondi alimwambia wiki tatu kabla. "Wajukuu wangu wote wako Kisumu. Nitamfanyia nani?"

"Asante, Mama. Mtoto atavaa mshono wangu."

"Mshono wako hauna mhuri."

"Mhuri ni wino. Kitambaa njo kinazuia upanga," akasema kwa Kiswahili cha kwao Lubumbashi.

"Sijasema jaketi lako ni baya. Nasema hawatalipitisha."

"Watalipitisha," Théodore akasema, akageuka kuwafundisha watoto namna ya kusimama.

Na tuseme ukweli, jaketi lilikuwa zuri. Alikuwa amelivisha gunia la mchanga akalichoma kwa nguvu zake zote, ncha haikupenya. Lakini hakuna aliyemuuliza kama ni zuri. Angeweza pia kuomba jaketi la kuazima kule kule Randburg, wanalo kabati zima. Hakutaka. Alitaka msichana asimame pale mbele yao akiwa ndani ya kazi ya mikono yake, ashinde, halafu wamuulize limeshonwa wapi. Kiburi, basi. Tusikizungushie kitambaa.

Alhamisi ya wiki ya mashindano alitoa chini ya meza jaketi kuukuu ambalo watu wa Randburg walikuwa wamempa zamani akalifanye matambara. Yeye alilitia kiraka, na Orpha alifanya nalo mazoezi miaka miwili mpaka likachanika kabisa. Ndani yake kulikuwa na lebo yenye mhuri, ukingo mmoja umeungua kidogo kwa pasi. Akaifumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Akaishona kwenye jaketi la Orpha kwa mkono, si kwa cherehani, kwa mishono midogo midogo isiyoonekana. Na, Mungu amsamehe, alipomaliza aliinua kazi ile kwenye mwanga akaisifu.

Ijumaa alimrudishia msichana. Orpha akaligeuza ndani nje, kidole gumba chake kikasimama juu ya ule ukingo ulioungua. Akalikunja upya, taratibu. Théodore akainamia cherehani yake.

Jumamosi, kule Randburg, mkaguzi wa vifaa alikuwa bwana mmoja aitwaye Sidney, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alipokea jaketi, akasoma lebo, akafinya kitambaa, akaweka alama ya vema kwenye karatasi yake. Akamrudishia Orpha na kumwita anayefuata. Ilichukua muda wa kunywa maji. Théodore, aliyesimama karibu na mlango, alishusha pumzi ambayo ilikuwa imemkaa kifuani tangu Alhamisi.

Orpha alipiga hatua mbili, akasimama. Akaweka upanga wake chini. Akainua mkono wa kushoto.

Sidney alikuwa ameshainamia jaketi la mwingine. Hakumwona. Msichana hakuita, hakukohoa. Alisimama tu na mkono wake juu, kama alivyofundishwa kusimama tangu akiwa na miaka minane, mpaka ukumbi ule ukaanza kunyamaza na mkaguzi akainua macho. Ndipo akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida, kwamba lebo ile si ya jaketi lile. Imetoka kwenye jaketi jingine.

Sidney akamuuliza ni nani aliyeihamisha. Hapo Orpha hakujibu. Sheria aliyofundishwa ilikuwa ni kusema la kwake, si la mwenzake. Aliangalia mlangoni tu, kwa mwalimu wake, akangoja.

Naye mwalimu aliangalia viatu vyake. Mkono wake ulikuwa mtupu, haukushika upanga wala mzigo. Kuuinua kulikuwa kazi ya nusu sekunde. Alisikia masikio yanawaka, akasoma kamba za viatu vyake kana kwamba zimeandikwa kitu, na nusu sekunde hiyo ikapita, na nyingine. Mwishowe Sidney alilisogeza jaketi karibu na miwani yake. Yeye mwenyewe alikuwa na suruali tatu zilizotiwa viraka na mkono ule. "Mshono huu naujua," akasema, na alionekana kuhuzunika kweli.

Théodore aliambiwa angoje nje. Alikaa kwenye ukuta mfupi wa maegesho akisikiliza kelele za ndani. Orpha aliazimwa jaketi kutoka lile kabati, likampwaya mabegani, akashika nafasi ya pili. Alichaguliwa.

Barua ilifika baada ya siku tisa. Fundi Théodore hataruhusiwa kufundisha mchezo huo, kwa umri wowote, kwa miaka mitatu. Ukumbi wa Troyeville hautatambuliwa. Wachezaji wanaotaka kuendelea watapokelewa Randburg. Waliandika "fundi", hata katika hilo.

"Alinichoma mgongoni," Théodore alimwambia Mama Apondi, aliyekuja dukani kumwona. "Mtoto niliyemkuza. Alishapitishwa. Hakuna mtu alimuuliza kitu."

"Ndio ulimfundisha hivyo. Useme hata kama hujaulizwa."

"Nilimfundisha mchezo. Huo haukuwa mchezo."

Mama Apondi alichukua mkoba wake. Alikuwa amesomesha watu wazima miaka thelathini na aliwajua wanapodanganya. "Ungeniacha tu ninunue jaketi," akasema, akasimama taratibu kwa ajili ya goti. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kwa binadamu mchungu. Mama Apondi ndiye angempeleka Orpha Randburg kwa gari lake kila Jumamosi, na alimwambia hivyo waziwazi, asije akasikia kwa wengine.

Alasiri ya Jumatano ya wiki iliyofuata Théodore alikuwa ukumbini akifunga panga kwa kamba, kwa kuwa kanisa lilitaka ufunguo wake, mlango ukafunguliwa. Orpha aliingia akiwa amebeba jaketi mkononi, limekunjwa vizuri. Begani alikuwa na mfuko mpya wa timu ya mkoa.

"Papa Théo. Nimeleta veste."

"Weka hapo."

Akaliweka lile jaketi kwenye benchi. Hakuondoka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, cha mtoto anayesikia nyumbani na kujibu kwa lugha ya shule, na kila neno alilitafuta. "Papa, uko na hasira na mimi?"

"Hapana."

"Eish, Papa. Uko nayo."

Théodore alivuta fundo la kamba. Ukweli ni kwamba alikuwa na aibu, na aibu ilikuwa imekaa ndani siku nyingi mno mpaka ikachacha kuwa hasira. Na kubwa kuliko yote, alikuwa amemkumbuka mno yule msichana. Asubuhi mbili za Jumamosi bila sauti ya miguu yake juu ya mbao zilikuwa zimemmaliza. Angeweza kumwambia hayo. Badala yake akatoa panga mbili kwenye kifurushi.

"Vaa," akasema.

Orpha alivaa jaketi la timu, jeupe, lenye mhuri halali. Yeye alivaa lile jaketi jepesi la mazoezi, maana mazito yake yalikuwa chini kabisa ya sanduku. Walisalimiana kwa panga na kushusha kofia za wavu. Kwa dakika chache za kwanza mambo yalikuwa mema kama zamani. Mzee alimvuta, msichana akajua anavutwa, akamrudisha. Théodore alimgusa mara moja mkononi na Orpha akainua mkono papo hapo, "Imefika," na chini ya wavu mzee alikaribia kucheka.

Kisha msichana akamwingia. Alifanya kile hasa alichomfundisha, akangoja mkono wa mzee uchoke nusu kidole, akanyoosha wake na kwenda. Ncha ikamgonga chini ya mfupa wa bega la kushoto, upanga ukapinda. Mtu aliyekuwa barabarani angesikia mlio wake.

Orpha akarudi nyuma, akashusha upanga, akangoja.

"Haikufika," Théodore akasema.

Msichana alibaki amesimama. Kofia ya wavu haionyeshi uso, na afadhali. "Sawa, Papa," akasema.

Akarudi kwenye mstari. Mara ya pili alimchoma pale pale.

"Haikufika."

Mara ya tatu, pale pale, wala si kwa hasira, kwa utulivu tu, kama mtu anayemrudia kiziwi. Théodore alisikia hewa ikimtoka. Mkono wake wa kushoto ulining'inia ubavuni, akautambua uzito wake wote.

"Haikufika."

Hakukuwa na wa kumpinga. Katika ukumbi ule neno la aliyeguswa ndilo la mwisho; yeye ndiye aliyepanga hivyo.

Orpha alivua kofia. Macho yake yalikuwa yamejaa maji lakini hayakumwagika. Aliinua upanga mbele ya uso wake akamsalimu kwa adabu, akamrudishia upanga, akampa mkono kama inavyotakiwa baada ya kila pambano, akachukua mfuko wake. "Ubaki salama, Mwalimu," akasema. Miaka saba alikuwa hajamwita ila Papa.

Nyumbani Marthe, mkewe, alimkuta anabadilisha shati kabla ya chakula. Chini ya bega la kushoto kulikuwa na madoa matatu ya damu iliyovilia, yaliyogusana, ungeweza kuyafunika kwa kiganja cha mtoto.

"Nani alikupiga hivi?"

"Hakuna mtu."

Marthe akaweka kidole katikati ya yale matatu, akabonyeza. Théodore akauma meno.

"Inauma?"

"Hapana," akasema, akafunga vifungo vya shati kimoja kimoja mpaka juu.