Meno Themanini ya Daktari Delmar

Delmar Rustad aling'oa meno ya watu wa mji wa Fergus Falls miaka thelathini na saba, na alipostaafu akahamia gereji kuyatafuta mengine. Alinunua msumeno wa mezani, kisha diski za kukatia zenye meno za kuuvalisha, moja baada ya nyingine, mpaka kumi na moja zikatundikwa ukutani kama picha za ukoo. Hata kigoda hakijatoka mle.

Mkewe, Arlys, alivumilia. Lakini Jumapili mjukuu wao anabatizwa, na susu yake ya kulalia ilikuwa itoke kwenye mti wa mcheri wa marehemu mama yake Arlys, ulioangushwa na upepo. Mbao nne tu. Mti mwingine wa mama hakuna.

Jumatatu harufu ya kuungua ikamfuata jikoni.

"Mzee, unapika nini huko?"

"Napasua ubao, bibie! Diski hii ina meno themanini! Ile iliyokuja na msumeno ina ishirini na manne. Ungekuja kliniki kwangu na meno ishirini na manne, ningekupa pole."

Ubao ulikuwa umepasuliwa kwa urefu, ubavu mweusi kama mkate uliosahauliwa. Jumanne akajaribu meno sitini kwenye ubao wa pili: ukaungua. Jumatano akarudia themanini, akisukuma polepole, kwa adabu: wa tatu ukaungua zaidi. Akaandika daftarini: "Rangi ya kahawa, bila maziwa."

Alhamisi Arlys akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kitendawili!"

"Arlys, nina kazi."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Nina meno tele, lakini chakula kinaungulia mdomoni mwangu."

Delmar akafikiri kidaktari. "Mgonjwa asiyepiga mswaki?"

"Diski yako, babu wee! Majani ya uani unayazoa kwa reki au kwa kichanuo changu? Kukata ubao kwa upana, sawa, meno mengi. Kuupasua kwa urefu, unataka meno machache na mapengo mapana ya kutemea unga wa mbao. Baba alinifundisha kabla sijaota magego."

"Baba yako alifuga ng'ombe."

"Na zizi alilojenga bado limesimama. Gereji yako imejenga nini?"

Delmar akasema, "Hayo nayo ni mawazo." Kwa watu wa kule, maana yake ni "umenishinda, na sikupi raha ya kusikia." Akaenda kunywa kahawa.

Arlys akachomoa waya wa umeme, akafunga ile diski ya meno ishirini na manne, ambayo mumewe alikuwa ameigeuza sinia la makopo ya rangi. Akachomeka tena. Ubao wa nne ukapita ukiimba, bila doa. Zile tatu akazipunguza ubavu mweusi, zikawa vipande vyembamba vya kingo za susu. Susu ikatoka nyembamba kidogo, lakini ikatoka.

Jumapili, baada ya kanisa, wageni wakaizunguka. Delmar, kikombe mkononi, akamweleza mchungaji: "Siri ni diski. Tulilinganisha sana."

"Tulilinganisha," Arlys akarudia.

Ndani ya susu mtoto akapiga miayo, ufizi mtupu ukameta.

"Mpe pole huyo naye, daktari," akasema Arlys. "Hana hata jino moja, na tangu asubuhi ameshafanya kazi kukushinda."