Kiti Chenye Mto

Mwenye karakana yetu ya sare za shule alirudi kutoka semina akiwa na wazo, nami huwa naogopa mtu mzima anayerudi na wazo. Kila Jumatatu, alisema, fundi aliyepiga hatua kuliko wenzake atakalia kiti kipya chenye mto na egemeo. Wengine wabaki na vigoda vyao. Mimi msimamizi ndiye wa kumchagua, kwa kulinganisha kazi ya wiki hii na ya wiki iliyopita.

Mafundi wangu ni watatu. Mama Kola hana mpinzani: kola zake zimekaa sawa siku zote, na kwa kuinama huko mgongo umemwisha. Dada Kimya hashindi wala hashindwi, kwa hiyo hakuna anayemkumbuka. Halafu yuko Bwana Kesho, ambaye ukimwuliza kazi iko wapi, jibu ni jina lake.

Jumatatu ya kwanza kiti alikichukua Bwana Kesho. Alikuwa na desturi ya kuharibu nusu ya mashati. Wiki hiyo akaharibu robo. Iliyofuata akakichukua tena, maana aliharibu machache zaidi. Mama Kola hakuharibu hata moja, kama kawaida yake, basi kwa hesabu za bosi hakuwa amesogea popote. Nilimwambia bosi kwamba aliyefika juu hana ngazi ya kupanda. Akanijibu kuwa yule mama moyo anao tayari, tuwatie moyo wasio nao. Asante ya punda mateke. Nilitoka nimefura, kisha nikampelekea Mama Kola mashati ya Kesho ayafumue na kuyashona upya, kwani nani mwingine angeyaweza?

Jumatatu ya tatu shule ilikuwa inakuja kuchukua sare, na ikizikosa ingehamia kwa washonaji wengine. Nilifungua furushi la Mama Kola. Kola zote zimepinda kama masikio ya mbuzi, na zote zimepinda upande uleule. Hiyo si bahati mbaya.

Nikamfuata kwenye cherehani yake, nikamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi zaidi ya siku zote, mwanangu," akasema. "Wiki hii naharibu. Wiki ijayo nitapiga hatua, na mimi nikalie kiti."

Hasira zilinipanda, ila sikujua zimwendee nani. Nikamwinua Bwana Kesho, nikakiburuta kile kiti mpaka kwa Mama Kola. Hakukitazama.

"Cha kuonewa huruma kirudishe. Mimi nilitaka cha kushinda."

Nje gari la shule likapiga honi. Bwana Kesho, aliyesimama pembeni akijinyoosha kiuno, akashauri tuwaambie warudi kesho.

Nikatoka kwenda kuwaambia hivyo hivyo.