Mtandao wa Juu ya Ndoo

Mtaa mzima hapakuwa na nyumba iliyoshika mtandao wa simu kama nyumba ya Msusi. Sauti ilikuja safi, kama mtu amekaa pembeni yako anatafuna karanga. Ilimradi tu uwe bafuni. Na huko bafuni uwe umepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, shingo umeipinda kushoto, shavu umelibandika kwenye nondo za dirisha, na aliyekuwa anaoga awe amekwisha kutoka. Ukishuka kwenye ndoo, mtandao nao unashuka. Ukigeuza shingo kulia, yule unayeongea naye anaanza kumeza maneno, nusu anakupa, nusu anabaki nayo.

Nyumba zenyewe zilikuwa bondeni, na nyuma yake kulikuwa na ghala refu la mabati lililoziba kila kitu, upepo, jua na simu. Kila mtu alikuwa na mahali pake. Jirani wa mbele aliitundika simu yake kwenye kamba ya nguo, ndani ya soksi, akaisubiri iite. Muuza mkaa alipanda juu ya magunia yake, akaongea na wakwe zake huku mtaa mzima unamsikia na kumsaidia kujibu.

Lakini kichekesho kilikuwa kwa Msusi. Kaka yake alikuwa fundi wa minara ya simu. Kazi yake ilikuwa kwenda huko ambako simu haijawahi kuita, kupanda juu na spana kiunoni, na kuwafungia watu mtandao. Wageni huko mbali wakaongea na watoto wao wamejilaza vitandani, na mama yake mzazi akabaki anapokea simu amekumbatia nondo za bafuni kama mfungwa.

"Nitakuleteeni mnara hapo bondeni," kaka alikuwa akiahidi. "Nitausimamisha juu ya hilo ghala. Mama atapokea simu akiwa anakula."

"Ulete kabla sijaanguka na ndoo," mama alimjibu. "Nikifa bafuni utawaambia nini watu?"

Mjomba wao, ndugu wa mama, tangu kijana azaliwe hakuwahi kumwita jina lake. "Mtoto wa Dada" ndilo jina alilompa, na likamganda mpaka kazini. Hata kofia yake ngumu ya kupandia minara wenzake waliiandika hivyo kwa rangi nyeupe: MTOTO WA DADA.

Mama alikuwa amefua mashuka ya hospitali miaka na miaka, mpaka siku aliposhindwa kutofautisha doa na kivuli. Ukungu wa macho ulipozidi, kupanda ndoo kukawa hakuwezekani, na simu zikaanza kupitia kwa Msusi. Kaka anasema, Msusi aliye juu ya ndoo anapaza sauti, mama aliyekaa kwenye kiti cha korido anajibu, Msusi anarudisha. Sauti ya Msusi iligonga kuta za bafu ikatoka imenenepa, ina mwangwi, utadhani anasoma taarifa ya habari. Mama aliipenda.

"Redio yangu hiyo," aliwaambia watu. "Haitumii betri, inatumia ndoo."

Basi ikafika zamu yake ya kutolewa mtoto wa jicho. Alipokuwa amelala pale kwenye kitanda cha magurudumu, alimshika muuguzi mkono.

"Mimi nimezaa watatu, mwanangu. Wawili kwa tumbo, mmoja kwa jicho. Huyu wa jicho ndiye pekee atakayetoka bila mimi kumtukana mtu."

Walimtoa. Walimfunga bandeji, na daktari akampa Msusi masharti. Mama asiiname, asibebe kitu kizito, asikaribie moshi wala vitunguu. "Na asilie," daktari alisema. "Mshono bado mbichi. Acheke anavyotaka, lakini kulia ni marufuku mpaka nimfungue mwenyewe. Tukiliharibu jicho hili, hilo lingine halitamfikisha popote."

Walikuwa wamerudi nyumbani, mama amekaa kwenye kiti chake koridoni, Msusi ana mteja uani, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama, simu ilipoita kutoka kwenye msumari wa dirisha la bafuni. Msusi alikimbia na mafuta mikononi. Akapanda ndoo, akabandika shavu, na kwa haraka yake akapinda shingo upande usiotakiwa.

"Hallo! Mjomba! Shikamoo!"

"Mara... mwanangu... jikaze... nina..."

"Unakatika, Mjomba! Rudia!"

"Nasema... mtoto wa... ame... toka."

Msusi akacheka. "Ametoka, Mjomba! Ametoka salama kabisa! Mama huyu hapa, anatamba tu!"

"Mwambie alikuwa mkubwa kama punje ya mchele!" mama akapaza sauti kutoka koridoni.

"Anasema alikuwa mkubwa kama punje ya mchele!"

"Ume... nielewa?" Mjomba akauliza.

"Nimekuelewa, Mjomba! Wala haikuchukua muda! Hakusikia maumivu hata kidogo!"

Upande wa pili kimya. Msusi akadhani mtandao umekufa. Akageuza shingo kushoto, akabana shavu kwenye chuma, na hapo akamsikia Mjomba wazi, pumzi na kila kitu, kama mtu aliyekaa pembeni yake. Mjomba alikuwa analia.

"Si wa jicho, mwanangu. Si wa jicho. Mtoto wa Dada. Ameanguka mnarani leo asubuhi. Ametutoka."

Tangu nyumba ile ijengwe mtandao haukuwahi kushika vizuri namna ile.

"Anasemaje?" mama akauliza. "Mbona redio imenyamaza?"

Msusi alizishika nondo kwa mikono yote miwili. Zilimteleza kwa mafuta.

"Anasema... anasema tumshukuru Mungu."

Sauti ikagonga kuta, ikatoka nene, ina mwangwi wake wa kila siku. Kuta zilimsitiri. Mama akaitikia, "Amina," akaomba chai.

Amri ilikuwa ya Mjomba. Jicho kwanza. Watamzika huko huko, na mama ataambiwa akishafunguliwa. "Ukimwambia leo atalia, na akilia jicho limekwenda. Unataka akose mtoto na jicho kwa mkupuo mmoja?" Msusi hakutaka. Ila hakutaka pia kaka yake afukiwe ardhini mama yake akiwa anakunywa chai na kusimulia habari za punje ya mchele. Kati ya mabaya hayo mawili hakuna aliyemuuliza anachagua lipi. Simu za Mjomba akawa anazipokelea barabarani, nje ya bonde, mbali na masikio ya mama, na huko barabarani ndiko alikoambiwa kwamba mazishi yamekwisha, kwamba watu walikuwa wengi, na kwamba kofia waliiweka juu ya kaburi.

Mtaa ulijua. Wanawake walikuja kwa zamu, wakajifuta machozi nje ya mlango, kisha wakaingia wamechangamka kupita kiasi, pole mama, hongera mama, habari za jicho. Mama akawapokea mpaka akachoka.

"Hivi jicho moja tu, wageni wote hawa?" akasema. "Ningetolewa yote mawili si mngekuja na magodoro?"

Wakacheka. Muuza mkaa alicheka kuliko wote, kisha akakumbuka kwamba ameacha kitu nje, akatoka mbio.

Msusi alitafuta pa kulilia. Nyumba ilikuwa ndogo na masikio ya mama yalikuwa makubwa. Akagundua vitunguu. Kwa kuwa mama alikatazwa kuvikaribia, jikoni kulikuwa kwake peke yake, na kila mchana alifunga mlango, akakata vitunguu na kulia mpaka ubao ukalowa.

"Mwanangu," mama akamwambia siku moja akichungulia sahani kwa lile jicho lake la ukungu, "chakula gani hiki, vitunguu kwa vitunguu? Au nyama imeogopa kuingia?"

Na kila jioni swali lilikuwa lile lile.

"Kaka yako hajapiga?"

"Bado, mama. Huko aliko hakuna mtandao."

"Fundi wa mtandao hana mtandao?"

"Ndiyo anaujenga, mama. Ungekuwepo, yeye angefuata nini huko?"

Mama akalifikiria hilo. Lilikuwa na akili ndani yake, na ndiyo maana Msusi alilijivunia na kujichukia kwa pamoja.

"Nawe umempigia?"

"Nimempigia, mama. Hapatikani."

"Hapatikani kabisa, au hapatikani kwa sasa? Maana yule dada wa kwenye simu husema kwa sasa."

"Kwa sasa, mama," Msusi akajibu, akatoka kwenda kukata vitunguu.

Ikabaki kesho tu, kesho mama afunguliwe. Msusi alikuwa ameifua nguo ya kwendea hospitali, ameipiga pasi, ameitundika mlangoni. Alikuwa akijihesabu mtu aliyekaribia kumaliza. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha korido, mikono magotini.

"Kesho wananifungua," akasema. "Nataka nimsikie kabla."

"Mama, nimekwambia huko hakuna..."

"Jaribu. Leo huenda mnara wake umesimama."

Msusi akachukua simu, akaingia bafuni. Ndoo ilikuwa pale pale, imepinduliwa chini ya dirisha kama alivyoiacha. Tangu siku ile alikuwa anaogea beseni. Akanyanyua mguu, akauweka juu ya ndoo. Akaushusha. Akatoka kwa mlango wa nyuma mpaka uani, akasimama nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, akaiweka simu sikioni. Simu ya uongo haihitaji ndoo.

"Hallo! Kaka! Eeh, nakusikia! Mama! Nimempata!"

Mama akageukia mlango wa uani. "Umempata?"

"Nimempata! Anakusalimia! Anasema mzima!" Neno lile lilimkwama kama mwiba wa samaki, akalisukuma kwa kuongeza sauti. "Mzima kabisa!"

"Muulize kama amekula."

"Mama anauliza umekula? Anasema amekula, ameshiba!"

"Muulize, kofia yake anavaa?"

Msusi akafumba macho. "Anavaa, mama. Anasema haivui."

"Vizuri. Hebu mwambie mtoto wa jicho ametoka."

Shuka moja bichi lilipepea likamgusa shavu, baridi, upande ule ule wa nondo.

"Kaka," Msusi akasema. "Mama anasema mtoto wa... anasema ame..."

Akajaribu tena. "Mtoto wa... ame..."

Safari hii mtandao haukuwa na kosa. Maneno yalikuwa yanakatikia kooni mwake mwenyewe.

"Anakatika?" mama akauliza, na sauti yake haikutoka koridoni tena. Ilikuwa karibu. Alikuwa amejikokota kwa kushika ukuta mpaka mlango wa uani.

"Anakatika, mama. Si unajua tena huo mtandao. Usitoke nje, kuna vumbi, utaumiza jicho."

Mama akatoka. Mkono wake ukatangulia, ukagusa kamba ya nguo, ukapapasa shuka, ukalisogeza. Ukalipata bega la Msusi, kisha shingo, kisha ile simu iliyobanwa sikioni. Akaichukua taratibu, akaiweka kwenye sikio lake, akasikiliza kidogo, akaishusha.

"Redio yangu," akasema. "Leo unatangazia wapi?"

Msusi akaishika kamba ya nguo.

"Hapa uani mtandao umeanza kushika lini?"

"Mama..."

"Ile ndoo huwa inakwaruza sakafu ukiipanda. Naisikia mpaka kitandani. Tangu siku aliyopiga Mjomba wako haijakwaruza hata mara moja, na kila jioni unaniambia umempigia." Akamfuta mwanawe mashavu kwa kiganja, moja kisha jingine, kama anayetafuta doa kwenye shuka. "Haya, sema. Usiogope. Hili la daktari nitalitunza. Nitamlilia kwa hili la zamani."