Simu Zizini

Mkono wa kushoto wa Sjoukje ulikuwa umezama ndani ya ng'ombe hadi kiwikoni, na wa kulia umeshika mrija wa mbegu, simu ilipoanza kulia mfukoni mwake.

"Iache," alisema Mzee Oene, mwenye zizi. "Ukimchelewesha huyu, joto la kutaka dume litamtoka."

"Hii siwezi kuiacha, mzee. Nitolee. Nishikie sikioni."

Sjoukje alikuwa mhimilishaji. Kutwa alizunguka mashamba ya Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, na gari lake dogo, akiwapandisha ng'ombe kwa mrija badala ya fahali. Wafugaji waliupenda mkono wake mwepesi, na walimtania bila huruma: "Ndama wote hawa wako, na nyumbani hata mmoja!" Alicheka nao. Hawakujua habari za hospitali ya mjini, wala za mimba iliyotoka ikiwa changa, wala kwamba kiinitete cha mwisho, chake na cha mumewe, kilikuwa kimeshapandikizwa tumboni mwake. Siku ya kupandikizwa, wakirudi nyumbani, mumewe Wiebren alimwambia taratibu: "Hiki kikikataa, tupumzike, mke wangu. Unalia bafuni ukidhani sisikii."

Asubuhi hii alikuwa ametolewa damu ya kipimo.

Oene alijifuta vidole kwenye suruali, akaichomoa simu kama mtu anayechukua yai chini ya kuku mkali, akaiweka sikioni pa Sjoukje. Alitazama pembeni kwa adabu. Lakini muuguzi alikuwa na sauti ya kupaza.

"Bi Sjoukje? Majibu yametoka. Una mimba. Bado changa sana, tusiharakishe furaha, lakini ipo."

Ng'ombe alihamisha mguu. Sjoukje hakusogea.

"Sema tena," alinong'ona.

Muuguzi akarudia.

Simu ilikatika, na Oene akaendelea kuishikilia palepale.

"Mimi na marehemu Baukje wangu tuliulizwa vivyo hivyo, watoto wako wapi," alisema mwishowe. "Kila sherehe. Tukirudi, yeye huyo zizini peke yake, eti anakwenda kukamua. Na ng'ombe wameshakamuliwa."

"Hukuwahi kusema, mzee."

"Ningemwambia nani?"

Sjoukje aliegemeza paji la uso kwenye kiuno cha ng'ombe, akalia. Kisha akamaliza kazi yake polepole, akavua glavu ndefu, akanawa. Alipoinama kuchukua mtungi wa mbegu, Oene alifoka:

"Weka chini! Kwangu hubebi kitu tena."

"Mzee, na mgongo wako huo?"

"Mgongo ni wangu. Na mdomo wangu nimeufunga, usiogope. Wenye umbea hapa ni hawa," akasema, akiwaonyesha ng'ombe kwa kidevu.

Alimbebea hadi garini, akihema njia nzima.

Sjoukje hakumpigia Wiebren simu. Alimfuata kijiji cha pili, alikokuwa akiezeka paa la kanisa la zamani. Alisimama chini kwenye nyasi, upepo ukimvuruga nywele, akashindwa hata kumwita jina.

Wiebren alimwona. Nyundo ikanyamaza. Alimtazama kwa muda mrefu kutoka kule juu, akijaribu kuusoma uso wake, na umbali haukumruhusu. Akaweka kigae alichokuwa nacho, akageuka, akatafuta kwa mguu kipago cha kwanza cha ngazi. Akaanza kushuka kwa uangalifu, mikono yote miwili ikiishikilia ngazi.