Mawe ya Wadogo

Mimi ndiye niliyeyang'oa yale mawe meupe, simsingizii mtu. Nilikuwa bibi harusi wa miezi miwili, nimetoka Dublin na kiburi changu, nikaingia na toroli mpaka kwenye Tuta, kile kilima kidogo cha nyasi chini ya boma la kale la Dunavarra. Nikabeba mawe ishirini na kitu, nikazungushia bustani yangu ya maua. Yalipendeza, siwafichi.

Mama mkwe wangu, Sabina, alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

"Imelda, yarudishe," alisema. "Hayo ni ya wadogo."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Tangu nifike nilikuwa nikilishwa hadithi za majini wadogo wa chini ya Tuta: ukikata mti wao wa miiba unavunjika mguu, ukipotelewa na njia bomani geuza koti ndani nje, na mtoto mchanga usimwache peke yake, watamchukua wakuachie wa kwao. Nikamjibu, "Basi Mama, hao wadogo waambie waje kuyadai wenyewe."

Aliingia ndani akafunga mlango. Hakulitaja tena jambo lile, nami nikajiona nimeshinda. Hiyo ni miaka thelathini na moja iliyopita.

Mwaka huu mwezi wa pili, mvua ikiwa haijakatika wiki tatu, daktari alituambia moyo wa Mama umechoka. Alhamisi asubuhi nilimpelekea uji wake, akausukuma kando.

"Nenda kwa Colman Tierney," akasema. "Muulize walimlaza wapi mtoto wangu."

"Mtoto gani tena, Mama?" Nilijua mume wangu Fintan ndiye kifungua mimba wake.

"Wa kabla ya Fintan. Msichana. Alizaliwa kimya, hana pumzi. Mume wangu Seamus alimtia kwenye boksi la sabuni, akatoka naye yeye na Colman. Sikuambiwa wapi. Mama hakuwa akiambiwa." Akageukia ukutani. "Nionyeshwe mahali pake tu, nife nimetulia. Nisipopajua, sijui nitakufaje."

Colman ni jirani yetu, ana miaka themanini na sita, na mdomo haujazeeka. Nilimkuta anamenya viazi.

"Ohoo, binti wa Dublin! Umepotea njia?"

Nilipomwambia nilichotumwa, aliweka kisu chini.

"Makaburi ya kanisa yalikuwa ya waliobatizwa," akasema. "Ambao hawakubatizwa tuliwapeleka Tutani, jua likizama, bila neno. Msalaba marufuku. Kwa hiyo kila baba aliweka jiwe jeupe, amjue wake. La Seamus lina mshipa mwekundu, mwembamba kama uzi. Wadogo wote wa parokia hii wako pale."

"Wadogo," nikasema.

"Sasa tungewaitaje? Hawakupewa majina."

Nikakaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa. "Na yale majini?"

"Acha watu waogope majini! Mtu akiogopa hapeleki jembe pale. Kwani wewe uliamini?"

"Mzee Colman, bila jiwe huwezi kupajua mahali penyewe?"

"Bila jiwe? Mwanangu, ni miaka sitini. Pale ni nyasi tupu."

Nililipata jiwe lile bustanini kwangu, nyuma ya waridi. Nililisugua kwa kidole gumba mpaka uzi mwekundu ukatokea, na hapo nililia kwa sauti, kwenye mvua, mtu mzima mimi. Fintan alitoka akaniambia, "Lichomeke popote, mwambie ni hapo. Atajuaje?" Shetani naye hana haya, maana nilikwenda. Nilizunguka lile Tuta saa nzima na jiwe kifuani, natafuta mahali pa kudanganyia. Kila nilipoinama niliwaza kwamba huenda nakanyaga mtoto wa mtu. Nilirudi nalo.

Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamwekea mkononi.

"Mama, hili ndilo jiwe lake. Mimi ndiye niliyelitoa, na mahali pake sipajui, Colman naye hapajui. Nisamehe."

Alilipapasa polepole, ncha moja hadi nyingine.

"Siku ile nilisimama mlangoni," akasema. "Kila jiwe ulilopakua niliomba lisiwe lake."

"Kwa nini hukuniambia? Ungenizaba kofi, Mama! Ungenivuta nywele!"

"Ningesema nini? Padri alisema hakuna mtoto. Seamus alisema hakuna mtoto. Ningekugombeza kwa ajili ya nani?"

Alifariki Jumapili, jiwe likiwa chini ya blanketi, na uso wake haukuwa umetulia. Wanaosema alikufa kwa amani hawakuwepo chumbani.

Tumemzika kwenye makaburi ya kanisa, jiwe nikamtilia ndani ya jeneza. Mengine yote bado yako uani, na siwezi kuyarudisha kwa sababu sijui lipi lilitoka wapi. Hapa kijijini kuna vikongwe watatu wa rika la Sabina. Wakitoka misa hupita barabara yetu, na wakifika kwenye bustani yangu husimama. Miaka yote hii nimekuwa nikiwapungia mkono kutoka dirishani, nikidhani wanatazama maua.