Diwani Amesusa

Osiako wa Matungu alimwita chatu wake Diwani kwa sababu, alivyopenda kuwaeleza watu sokoni, hajawahi kuona kiumbe mwingine anayekula jasho la wengine, akalala mwezi mzima, kisha akangoja kupigiwa makofi. Watu walicheka. Dinah, mkewe, alicheka pia mara ya kwanza. Hakujua bado kuwa jasho lenyewe litakuwa lake.

Nyoka huyo alipatikana baada ya Krismasi, katika shamba la miwa lililochomwa moto tayari kwa wakataji. Wakataji wenzake walitimua mbio. Osiako akamzoa nyoka kutoka kwenye majivu, amelewa moshi, akamtia guniani na kumleta nyumbani kama mtu aliyenunua viazi. Januari Diwani akameza kuku. Februari akameza mwingine, hadharani, soko zima likimtazama, na Osiako akawa mtu wa kusalimiwa kwa mikono miwili. Machi, Diwani akasusa.

Kuku walikuwa wa Dinah. Aliwafuga yeye, aliwapa maji ya pilipili walipokohoa, alimjua kila mmoja kwa mlio wake. Kuwala tu ndiko hakukuruhusiwa. Nyumba nyingi za Matungu zilikuwa zimeuzika zamani ule mwiko wa wanawake kutokula kuku wala mayai. Wake za wazee wa kanisa walinyonya mifupa mchana kweupe. Lakini nyumba ya Osiako ilikuwa na mama yake, Maximilla, na Maximilla alikuwa ametimiza miaka sabini na mitatu bila kuonja paja, wala hakuona kwa nini mtu mwingine apitishwe njia ya mkato.

"Mimi nilizaa saba kwa mboga na obusuma, ugali wa kwetu," alisema. "Lako ni tumbo la dhahabu?"

Tumbo la Dinah lilikuwa la miezi mitatu. Mimba mbili kabla ya hiyo zilitoka zikiwa na mitano. Muuguzi wa zahanati alimvuta kope chini, akatikisa kichwa.

"Damu yako nyepesi kama chai ya bweni. Mama, kula maini, kula mayai, kula kuku. Uko na kuku?"

"Niko nao tisa."

"Sasa shida iko wapi?"

Dinah alianza kueleza, akaona aibu, akafunga leso yake.

Na mwili nao ulikuwa umeshaamua. Mboga zilipanda kama zilivyoshuka. Obusuma ulimkaba kooni. Kitu alichokitamani, hadi akawa anaamka akitafuna, ni kuku. Akamwambia mumewe. Osiako alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nyumba hii ina wagonjwa wawili waliosusa chakula. Mmoja analetanga watu, mwingine ananiletea matapishi." Akampigapiga begani. "Tufanye hivi, mama. Siku Diwani akimeza, nitachinja mwingine nikuachie shingo. Mama yangu nitaongea naye mimi. Hiyo ni ahadi ya mwanaume."

Basi kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwombea Diwani kula kama Dinah.

Kila Jumamosi Osiako alitia kuku ndani ya sanduku la mbao na kufunga kifuniko. Diwani aligeuza kichwa ukutani. Kuku mmoja alimzoea hata akamlalia mgongoni. Jioni Osiako alimtoa yule aliyekataliwa na kusema, "Yeye amesusa, mimi sijasusa." Dinah alichinja, akanyonyoa, akapika. Osiako alikula akiwa amemkabili, akivunja mifupa na kutaja kila kiungo kwa jina, kama mwalimu.

"Hii ni firigisi, Dinah. Sikiliza inavyolia menoni."

Kufikia mwisho wa Aprili kuku wanane walikuwa wamepita njia hiyo. Alibaki mmoja, yule mwekundu wa shingo uchi.

Sokoni mambo yalikuwa yamegeuka. "Diwani wako amehama chama?" watu walimuuliza Osiako. "Au anangoja uchaguzi?" Osiako alipenda sana mzaha, ila ule unaotoka kwake kwenda kwa wengine. Alirudi nyumbani siku moja, akamwamuru Dinah ashike mkia, akampanua nyoka kinywa kwa kijiti na kumsukumia vipande vya nyama kooni. Diwani akavitapika. Osiako akamchoma mkiani kwa moto wa sigara, kisha akachoma tena, labda ataelewa. Dinah, aliyekuwa amekumbatia ule mwili, alihisi chini ya ngozi vitu vigumu vimejipanga. Hakuulizwa.

Ndipo akaitwa Shikanga, mwongoza wageni katika msitu, kule Isecheno, mtu aliyejua nyoka kama wengine wanavyojua shemeji zao. Alifika na majirani wakafika. Shikanga alimlaza Diwani kwenye nyasi, akapitisha kiganja tumboni polepole, kama mkunga, akainua uso akitabasamu.

"Nani alikwambia huyu ni mwanaume?"

"Anakulanga kama mwanaume," Osiako akasema.

"Huyu ni mama. Amejaa mayai. Chatu mwenye mayai hali, hata umletee ng'ombe. Wewe bwana, umekuwa ukimlazimisha mama mjamzito?"

Majirani walicheka hadi ua ukatikisika. Osiako akajikausha, akatafuta pa kutokea, akapata.

"Basi amepanda cheo, sasa ni Mama Diwani! Dinah, lete blanketi lako tumfunike. Sanduku liingie jikoni, karibu na moto. Mwenye mimba hasumbuliwi katika boma langu." Akamnyooshea kidole kuku wa shingo uchi aliyekuwa akidonoa pembeni. "Na huyo asiguswe. Mama Diwani akishajifungua atakuwa na njaa."

Dinah alileta blanketi. Alipolitandika alisema, bila kupaza sauti, "Kumbe wanawake wa nyumba hii wanakulanga kuku. Huyu amekula wawili."

Maximilla ndiye aliyejibu. "Mwiko ni wa watu. Nyoka hana ukoo."

"Na ukitaka kula kama yeye," Osiako akaongeza, "sanduku lina nafasi."

Wakacheka tena, ingawa Shikanga hakucheka.

Wiki ya pili baada ya hapo Osiako alisafiri kwa siku mbili, kumzika binamu huko Butere. Siku ya pili asubuhi Dinah aliamka na maumivu ya kiuno, na kwenye nguo ya ndani akakuta doa la damu, dogo kama punje ya mtama. Alilijua. Lilikuwa limeshakuja mara mbili.

Akaenda jikoni kuwasha moto, na kutoka sandukuni akasikia mkwaruzo. Akafunua. Diwani alikuwa amejizungusha juu ya mayai meupe, makubwa kuliko ya bata, maganda yake laini kama ngozi.

Dinah alimfunika kichwa kwa blanketi, akakandamiza kwa jiwe la kusagia, si kwa kumuua. Kwa mpini wa jembe akainua mwili ule uliokonda, pindo kwa pindo, akachomoa yai moja moja. Nyoka alijikaza, lakini alikuwa na njaa ya miezi mitatu. "Pole, mwenzangu," Dinah alimwambia, akaendelea kuchomoa. Alipomaliza aliweka magunzi ya mahindi pale mayai yalipokuwa na kuondoa jiwe. Diwani akayazungukia magunzi, akatulia.

Kisha akamshika kuku wa shingo uchi.

Osiako alirudi jioni, vumbi hadi kwenye kope, na kukuta jikoni sahani imejaa mayai yaliyokaangwa kwa vitunguu na nyanya. Hakunawa vizuri. Alikula akipumulia puani, akapangusa mafuta kwa tonge la mwisho.

"Mayai mazito haya. Ya bata?"

"Ya hapahapa nyumbani. Si mayai ni ya wanaume?"

"Umeanza kupata akili," Osiako akasema. "Yamebaki?"

"Yamebaki mengi."

Dinah alijivutia sufuria ya pili, akafunua. Alianza na firigisi. Osiako alimtazama akitafuna, kwa mara ya kwanza ikawa zamu yake kutazama.

"Huyo ni kuku wa Diwani."

"Diwani ameshajifungua."

Osiako alikwenda sandukuni, akatupa blanketi. Alimwona nyoka amekumbatia magunzi. Aligeuka akaitazama sahani yake, nyeupe, imelambwa. Dinah alimwona akielewa. Osiako akakimbilia nje, mkono mdomoni.

Maximilla alikuwa amekaa pembeni tangu harufu ilipoanza. Walisikiliza pamoja kelele kutoka nyuma ya jiko.

"Mwanangu anatapika nini?"

"Huenda ni mimba, mama."

Dinah akaendelea na paja. Alijua mtu yule atamaliza kutapika na atarudi, na kwamba atarudi na kitu mkononi. Alitafuna haraka, akameza hata vipande vikubwa, maana kilichoshuka tumboni hakuna mtu wa kukichomoa.

Mama mkwe alisogeza kigoda. Mkono wake, umekauka kama mzizi, uliingia sufuriani, ukazunguka, ukatoka na bawa. Akatafuna kwa meno yake manne, macho ameyafumba.

"Chumvi haitoshi," akasema. Kisha akanyanyuka kwenda kuutia mlango komeo.